Vichujio vya Kelele za Mtandao na Muziki wa Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wasikilizaji wa Malindi na Lamu

Maswali yaliyomo humu ni yale ambayo wasikilizaji wa Malindi na Lamu huniuliza ninapoitwa nyumbani mwao kufunga spika au kutafuta chanzo cha mvumo. Nimeyajibu kwa urefu pale ambapo fedha za mtu au usalama wake vimo hatarini, na kwa ufupi pale ambapo jambo lenyewe halihitaji maneno mengi.

Kichujio cha kelele za mtandao ni kitu gani?

Ni kijisanduku, aghalabu kisichozidi ukubwa wa kiberiti au pakiti ndogo ya majani ya chai, ambacho huunganishwa kwenye kebo ya mtandao kati ya rauta na kifaa kinachopokea muziki, yaani strima, kompyuta au amplifaya yenye tundu la mtandao. Ndani yake mna transfoma ndogo sana, au koili zilizozungushwa kwenye kiini cha feraiti (kauri yenye madini ya chuma), au vyote viwili. Kazi yake ni kuuzuia umeme usiotakiwa, uliopanda juu ya waya, usivukie upande wa pili, huku ishara zinazobeba data zikiachwa zipite. Hakina programu, hakisomi data, wala hakijui kama kinachopita ni taarabu, mawaidha au barua ya ofisini.

Je, kelele za umeme kwenye kebo huweza kuuharibu muziki unaotumwa?

Haziwezi, isipokuwa ziwe kubwa kiasi cha kuukata mtandao wenyewe. Muziki wa intaneti hufika nyumbani ukiwa ni nambari zilizofungwa katika vifurushi. Kila kifurushi cha Etheneti, yaani mtandao wa kebo, hubeba mwishoni mwake biti 32 za ukaguzi, ambazo hukokotolewa kutokana na yaliyomo ndani. Kifaa kinachopokea hukokotoa upya, na hesabu mbili hizo zisipolingana, kifurushi hutupwa, kisha itifaki ya TCP, ambayo huduma nyingi za muziki huitegemea, huhakikisha kwamba kimetumwa tena. Nambari haziwasili zikiwa zimefifia au zimepungukiwa na besi: ama zimefika kamili, ama zimeombwa upya, ama muziki umesimama.

Tuchukue hesabu. Kiwango cha IEEE 802.3, ambacho ndicho kanuni ya Etheneti, hakiruhusu kiungo cha shaba cha gigabiti moja kikosee zaidi ya biti 1 katika kila biti bilioni 10. Muziki wa ubora wa CD una sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16 kwa kila sampuli na chaneli mbili, yaani biti 1,411,200 kwa sekunde. Kwa hivyo hata kebo iliyo ukingoni kabisa mwa kiwango hicho ingekosea biti moja tu katika muda unaokaribia saa mbili za kusikiliza, na kosa hilo lenyewe lingegunduliwa na kusahihishwa kabla halijafika masikioni mwa mtu. Anayekuambia kwamba kijisanduku chake “husafisha data” anakuuzia kazi ambayo rauta na strima yako huifanya bure.

Kama nambari hufika kamili, kwa nini basi vichujio hivi vinatengenezwa?

Kwa sababu kebo ya shaba, hata ikiwa kazi yake ni kubeba nambari, inabaki kuwa ni waya, na waya hauchagui umeme wa kubeba. Hapa ndipo penye hoja ya kweli, na watengenezaji walio makini huisimamia hoja hii wala si ile ya data. Rauta, swichi na kompyuta zetu hulishwa na adapta ndogo nyepesi ambazo huukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde ili kuupunguza kutoka volti 240 hadi 12 au 5, na kila adapta ya namna hiyo huvujisha umeme kidogo kutoka upande wa soketi hadi upande wa kifaa. Umeme huo hutafuta njia ya kurudi ardhini. Ikiwa njia iliyo rahisi ni kebo ya mtandao, kisha strima, kisha kebo za RCA, zile za sauti zinazokwenda kwenye amplifaya yenye ethi (waya wa plagi unaofika ardhini), basi hupita humo, na sehemu ya kelele yake huingia katika upande wa analogia, pale sauti inaposafiri ikiwa ni wimbi la umeme na si nambari, ambako hakuna ukaguzi wala kuomba upya.

Etheneti yenyewe ilibuniwa kwa kulijua tatizo hili. Data husafiri ikiwa ni tofauti ya volti kati ya nyaya mbili za jozi moja, ilhali kelele hupanda nyaya zote mbili kwa pamoja. Ni kama madau mawili yaliyofungwa ubavu kwa ubavu bandarini: wimbi likija huyainua yote mawili, lakini tofauti ya kimo kati yao haibadiliki. Zaidi ya hayo, kila tundu la mtandao lina transfoma ndani yake, na kiwango kinataka itenganishe pande mbili kwa volti 1,500 kwa muda wa sekunde 60 bila kupitisha umeme. Kwa hivyo strima yako tayari ina kichujio. Kile kinachouzwa dukani ni cha pili, na faida yake, ikiwapo, iko katika kelele za masafa ya juu sana ambazo huweza kuiruka transfoma ya kwanza kwa sababu koili zake zimekaribiana mno.

Fundi, spika zangu zinavuma hata muziki ukiwa umesimama. Nitajuaje kama kelele inapita kwenye kebo ya mtandao?

Swali hili ndilo ninaloulizwa zaidi ya mengine yote, na jibu lake halihitaji kununua kitu chochote. Ngoja usiku, wakati pikipiki zimetulia na jenereta za jirani zimezimwa. Washa amplifaya, weka sauti pale unapoiweka kwa kawaida unaposikiliza, kisha usimamishe muziki. Sikiliza mvumo ulivyo. Sasa chomoa kebo ya mtandao kwenye strima, bila ya kugusa kitu kingine chochote. Mvumo ukitoweka au ukipungua waziwazi, umepata mlango wake, na kichujio, au dawa nyingine nitakayoitaja hapo chini, kitakufaa. Ukibaki vilevile, hakuna kichujio cha mtandao duniani kitakachouondoa, kwa kuwa hauji kwa njia hiyo.

Ukibaki, endelea kuchomoa, kitu kimoja baada ya kingine: kebo ya dishi, kebo ya televisheni, kebo ya USB inayotoka kwenye kompyuta, chaja ya tarakilishi pakatwa iliyo kwenye eksitensheni moja na amplifaya. Mwisho chomoa kebo za RCA zenyewe nyuma ya amplifaya, lakini uizime kwanza kabla ya kuzigusa, kisha uiwashe tena. Mvumo ukiendelea hata hapo, tatizo limo ndani ya amplifaya, mara nyingi kapasita zilizochoka, na kazi hiyo ni ya meza ya fundi.

Sauti ya mvumo nayo husema asili yake. Umeme wa Kenya una masafa ya 50 Hz, na mvumo mzito na laini wa 50 Hz huashiria mzunguko wa ethi, yaani vifaa viwili vilivyofika ardhini kwa njia mbili tofauti na kebo ya sauti ikawa daraja kati yao. Mvumo mkali zaidi, wenye mkwaruzo ndani yake, aghalabu huwa ni wa 100 Hz na hutoka kwenye sehemu ya kunyoosha umeme ndani ya kifaa. Programu ya simu inayoonyesha masafa ya sauti itakutofautishia hizo mbili kwa dakika moja, maadamu uilaze simu karibu na koni ya spika.

Niliitwa katika nyumba moja ya Mkomani, Lamu, ambako mzee mwenye nyumba alikuwa ameagiza kichujio kutoka ng'ambo kwa mamia ya dola, akakifunga mwenyewe kwa uangalifu, na mvumo haukusogea hata kidogo. Nilichomoa kebo ya dishi nyuma ya king'amuzi, na nyumba ikanyamaza. Dishi lilikuwa limegusa nondo za dari ya juu na kupata ethi yake huko, ilhali amplifaya ilikuwa na ethi ya soketi chini. Tulitumia kebo ya mwanga kutoka kwenye king'amuzi hadi kwenye amplifaya, ambayo haina shaba ndani yake, na mambo yakaisha. Sikuweza kuukata mzunguko huo wa ethi kwenye kebo ya dishi yenyewe, kwa kuwa kebo hiyo hupeleka umeme wa volti 13 au 18 kwenye kichwa cha dishi, na ukiukata, picha hupotea. Namsikitikia hadi leo kwa fedha zile, maana jaribio la kuchomoa lingemgharimu nusu saa tu.

Nimejaribu, na kweli mvumo hutoweka ninapochomoa kebo ya mtandao. Ninunue kichujio gani?

Kabla ya kununua, tazama kebo uliyo nayo. Ikiwa plagi zake zina gamba la chuma linalong'aa kila upande, hiyo ni kebo yenye ngao, na ngao hiyo huunganisha bodi ya rauta na bodi ya strima moja kwa moja, ikazipita zile transfoma zilizowekwa makusudi kuzitenganisha. Watu huziona kebo hizi kuwa bora kwa kuwa ni nene na ghali, na wauzaji huzisifu. Kwenye kiwanda chenye mashine kubwa zina kazi yake, lakini sebuleni, kati ya vifaa viwili vilivyo kwenye soketi tofauti, mara nyingi ndizo zinazoleta mvumo. Badilisha uweke kebo ya kawaida isiyo na ngao, yenye plagi za plastiki tupu. Mara nyingi nimeuona mvumo ukiishia hapo.

Ikiwa haukuisha, na strima yako ina waifai, ijaribu. Waifai haina waya, kwa hivyo mlango unafungwa wote.

Dawa ya uhakika kuliko vichujio vyote ni faiba. Unanunua vigeuzi viwili vya kugeuza shaba kuwa mwanga, unaviunganisha kwa kipande cha faiba cha mita chache, na kelele ya umeme haina namna yoyote ya kuvuka kioo. Vifaa hivi ni vilevile vinavyotumiwa na mafundi wa kamera na wa ofisi, vinapatikana Mombasa, na viwili pamoja huweza kuwa na bei ndogo kuliko kichujio kimoja kinachouzwa kwa jina la muziki. Jambo moja tu uliangalie: kigeuzi kilicho upande wa strima nacho kina adapta yake, na adapta mbovu itarudisha hapo hapo kile ulichokizuia.

Ukitaka kijisanduku kimoja tu kisicho na umeme, chagua kile kilichotengenezwa kwa ajili ya hospitali, chini ya kiwango cha IEC 60601-1 kinachohusu vifaa vya umeme vinavyomgusa mgonjwa. Hicho kimepimwa, na kiasi cha volti kinachokihimili huandikwa wazi. Vilivyotengenezwa kwa ajili ya wapenda muziki huandikwa zaidi maneno ya sifa kuliko vipimo. Fahamu pia kwamba baadhi ya vichujio hupitisha jozi mbili tu kati ya nne za kebo, na hivyo kuushusha mtandao hadi megabiti 100 kwa sekunde. Kwa muziki hilo si tatizo, kwani hata rekodi ya biti 24 na sampuli 192,000 kwa sekunde, bila kubanwa, haizidi megabiti 9.3 kwa sekunde. Lakini kwa kompyuta inayopakua mafaili makubwa utaliona.

Nyumba yangu ni ya mawe ya kale, Lamu. Muziki hukatikakatika jioni. Je, kichujio kitasaidia?

Hakitasaidia hata kidogo, na hapa ningeomba usikilize kwa makini, kwa sababu kukatika na kuvuma ni maradhi mawili tofauti. Kukatika ni njaa ya data: strima huweka akiba ya muziki wa sekunde kadhaa katika kumbukumbu yake, na akiba ikimalizika kabla ya nyingine kufika, muziki husimama. Kichujio hakiongezi data.

Kuta za nyumba zetu za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wake hufika nusu mita au zaidi. Mawimbi ya waifai ya 2.4 GHz hudhoofika sana yakipita humo, hasa ukuta ukiwa na unyevu, na yale ya 5 GHz hudhoofika zaidi. Rauta nyingi huwekwa karibu na daka, yaani kibaraza cha mlangoni, pale waya au antena ya mtoa huduma inapoingilia, ilhali mwenye nyumba husikiliza muziki ndani kabisa, nyuma ya msana, ule ukumbi mrefu, na kuta mbili au tatu. Hapo ishara inayofika ni mabaki tu. Tena jioni majirani wote huwasha rauta zao, na kwa kuwa katika masafa ya 2.4 GHz kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, mtaa wenye vichochoro vyembamba kama wetu hujaa haraka.

Dawa yake ni kuvuta kebo. Nyumba ya Kiswahili ina kiwanda katikati, uwanja ulio wazi juu, na kebo hupita humo bila ya kutoboa ukuta hata mmoja: inashuka kutoka ghorofani kando ya mabomba, au inapita juu ya boriti za dari ambako haionekani. Urefu unaoruhusiwa ni mita 100, na hakuna nyumba Lamu inayofika huko. Wale walio katika majengo mapya ya Malindi, yenye kuta nyembamba za matofali ya saruji, huweza kutosheka na waifai, wakihamia 5 GHz na kuiinua rauta juu ya kabati.

Jambo moja nawasihi watu walikwepe ni vile vifaa vinavyopitisha mtandao ndani ya nyaya za umeme za nyumba. Hutumia masafa ya kuanzia 2 MHz hadi makumi ya megahezi, na kwa kuwa nyaya za ukutani hazina ngao, nyumba nzima hugeuka antena. Mtu akivitumia hivyo kisha akanunua kichujio cha kelele, amewasha moto kwa mkono mmoja na kubeba ndoo ya maji kwa mkono wa pili.

Mara kwa mara husikia mlio wa trrr-trrr kwenye spika, kisha simu huita. Kelele hiyo inatoka wapi?

Inatoka kwenye simu yako yenyewe. Simu inapotumia mtandao wa 2G hutuma mawimbi yake kwa mapigo, takriban 217 kwa sekunde, na nyaya za amplifaya huyapokea hewani. Iweke simu, pamoja na rauta ya laini ya simu kama unayo, umbali wa mita moja au zaidi kutoka kwenye amplifaya na kebo zake za sauti. Kichujio cha kebo ya mtandao hakihusiki.

Tunatumia sola na inveta. Je, hilo hubadilisha jambo lolote?

Hubadilisha mengi. Inveta za bei nafuu hazitoi wimbi laini la umeme bali wimbi la ngazi, na wimbi hilo hufanya transfoma za amplifaya kuvuma kwa sauti inayosikika hata spika zikiwa zimezimwa. Kidhibiti chaji cha sola nacho hukatakata umeme mchana kutwa, ndiyo sababu baadhi ya wateja husema kelele huanza jua likipanda na kwisha magharibi. Ukiona mwenendo huo, mlaumu mhalifu aliye wazi. Inveta ya wimbi laini itakufaa zaidi ya vichujio kumi, na itazifaa pia friji na feni zako.

Kama huwezi kuibadilisha sasa, jaribu kuzilisha strima na rauta umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa kifaa cha kushusha volti, iwapo zinatumia volti 12, na uweke kiini cha feraiti cha kubana kwenye waya wake karibu na strima. Viini hivyo vya feraiti ni vya bei ndogo sana, hufungwa kwa mkono bila kukata waya, na katika vitu vyote vinavyouzwa kwa jina la kuondoa kelele, hivyo ndivyo ninavyovipendekeza bila kusita.

Fundi mmoja alinishauri niukate mguu wa ethi kwenye plagi ili mvumo uishe. Nifanye hivyo?

Usifanye, kamwe. Ni kweli kwamba mvumo huisha, kwa sababu mzunguko umekatika. Lakini ulichokikata ni njia ambayo ingeupeleka umeme ardhini siku waya wa ndani utakapogusa bodi ya chuma. Baada ya hapo bodi hiyo itabaki na volti 240 ikimngoja mtoto atakayeigusa. Katika miji yetu yenye unyevu, ambapo watu hutembea sakafuni bila viatu, hatari ni kubwa zaidi. Mvumo unaotokana na mzunguko wa ethi hutibiwa kwa faiba, kwa kebo ya mwanga, kwa transfoma ya kutenganisha kwenye kebo ya sauti, au kwa kuviweka vifaa vyote kwenye soketi moja. Na kama nyumba yako ya kale haina ethi inayofanya kazi, kama zilivyo nyingi, mwite fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, akuwekee nondo ya ethi na swichi ya usalama ya miliampea 30 kabla ya kufikiria muziki.

Kuna swichi za mtandao zinazouzwa ghali kwa kuwa zina “saa” sahihi zaidi. Zina faida?

Kwa sauti, sijaiona, na sababu yake ni rahisi kuielewa. Saa ya swichi hupanga mapigo ya vifurushi kwenye kebo. Vifurushi vikifika, huwekwa katika akiba ya kumbukumbu, na kutoka hapo husomwa kwa mapigo ya saa nyingine kabisa, iliyo ndani ya kigeuzi kinachogeuza nambari kuwa sauti. Saa ya kwanza haiijui ya pili.

Unaweza kulithibitisha jambo hili mwenyewe usiku wa leo. Cheza wimbo unaoujua vizuri, uache kwa dakika moja ili akiba ijae, kisha chomoa kebo ya mtandao huku wimbo ukiendelea. Strima nyingi zitaendelea kucheza kwa sekunde kadhaa, nyingine kwa wimbo mzima. Katika muda huo hakuna swichi, hakuna kebo, hakuna rauta wala kichujio kilichounganishwa na muziki wako. Ikiwa sauti haikubadilika ulipochomoa, basi umeshapata kipimo cha juu kabisa cha kile ambacho kifaa chochote cha mtandao kingeweza kukuongezea.

Rafiki yangu amenunua kichujio na anaapa kwamba sauti imefunguka. Je, anasema uongo?

Hasemi uongo, anasimulia alichokisikia, na masikio ya binadamu husikiliza pamoja na macho, mfuko na matumaini. Hata mimi, baada ya kazi ya siku nzima ya kupanga nyaya, huona sauti imekuwa nzuri kabla sijaipima. Kwa ajili hiyo kuna njia ya kujaribu bila kujua kipi kimeunganishwa. Mwambie mtu wa nyumbani akae nyuma ya kabati, aweke au aondoe kichujio kwa kurusha sarafu, aandike alichofanya, na asiseme neno. Wewe sikiliza kipande kilekile, kwa kiwango kilekile cha sauti, useme kama kimo au hakimo. Rudieni mara 10. Anayebahatisha tu ana uwezekano wa takriban asilimia 1 wa kupata sahihi mara 9 au zaidi, kwa hivyo rafiki yako akifikisha idadi hiyo, anasikia jambo la kweli na inafaa kutafuta kelele hiyo inapoingilia. Akipata 5 au 6, aurudishe mzigo dukani ikiwa muda wa kurudisha haujapita.

Hewa ya chumvi huathiri kebo na vichujio?

Huathiri sana, na hili ni letu sisi watu wa pwani. Vitabu vya maelekezo vilivyoandikwa kwingine havilitaji. Miguso ya plagi za mtandao hupakwa dhahabu, na katika plagi nzuri tabaka hilo hufika unene wa mikromita 1.27, lakini katika zile za bei ya chini ni utando tu, na chumvi huupenya katika msimu mmoja. Dalili yake ni mtandao unaoshuka ghafla kutoka gigabiti moja hadi megabiti 100, au unaorudi ukitikisa plagi. Kila sehemu mpya ya kuunganishia, ikiwemo kichujio chenyewe, huongeza miguso mingine ya kuliwa na kutu.

Kebo nayo ichunguze kabla ya kulipia. Nyingi zinazouzwa kwa bei ya kuvutia si shaba bali ni alumini iliyopakwa shaba juu. Kwangua ncha ya waya mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani ya wekundu, iache. Alumini huliwa haraka na hewa yetu, hukatika ikipindwa, na hupoteza ishara zaidi kwa urefu uleule. Mita 20 za shaba halisi zitafaa kuliko kichujio chochote kilichofungwa mwishoni mwa kebo mbovu.

Nataka kupeleka mtandao kutoka nyumba kubwa hadi banda la nje. Nitumie kichujio kuzuia radi?

Tumia faiba kati ya majengo mawili. Radi ikipiga karibu, hasa katika mvua za masika za Aprili na Mei, ardhi ya jengo moja hupanda volti maelfu juu ya ile ya jingine kwa kitambo kidogo, na kebo ya shaba kati yao hugeuka njia ya umeme huo. Volti 1,500 za transfoma ya mtandao hazitoshi hapo. Nimezitoa rauta na amplifaya zilizoungua pamoja kwa njia hii, Malindi, katika nyumba ambayo kinga zote ziliwekwa kwenye umeme na hakuna hata moja iliyowekwa kwenye kebo ya bustanini.

Nasikiliza taarabu za zamani kupitia intaneti na kuna mkwaruzo mwingi. Kichujio kitauondoa?

Mkwaruzo huo umo ndani ya rekodi. Santuri za Siti binti Saad, kwa mfano, zilirekodiwa Bombay kuanzia mwaka 1928, na nakala nyingi tunazozisikia leo zilitolewa kwenye santuri zilizokwisha kuchezwa mara zisizohesabika kwa sindano za chuma. Kwa nambari, mkwaruzo huo ni sehemu ya muziki kama ilivyo sauti ya udi, na mtandao huufikisha kwa uaminifu uleule. Jaribu kutafuta nakala nyingine ya wimbo uleule, kwa kuwa tofauti kati ya santuri moja na nyingine, na kati ya fundi mmoja aliyeihamisha na mwingine, ni kubwa na husikika na kila mtu chumbani. Ukiwa na mafaili yako mwenyewe, programu za kuhariri sauti zinaweza kupunguza vishindo vidogovidogo vya santuri. Punguza kidogo tu, usikilize, na uache mara tu utakapoona herufi za sin na shin katika sauti ya mwimbaji zimeanza kufifia.